Lile rundo la mawe porini si mali ya Mjerumani (uzi wa makaburi ya kale)

Mwalimu_wa_Nyuki (Sikonge)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Huku kwetu Tabora kuna ugonjwa. Rundo la mawe likionekana porini, tayari ni "alama ya Mjerumani", yaani eti ndipo alipofukia mali yake wakati wa vita. Watu wanakuja usiku na sururu, mtarimbo, mashine ya kupimia madini waliyokodi, na mganga juu yake. Majuzi warina asali wenzangu wamekuta moja limefukuliwa, nikaenda kuliona. Liko kwenye mwinuko katikati ya mininga na mitundu, mbali na shamba la mtu yeyote. Mawe ya pembeni yamezama ardhini nusu, na mgongoni yana ukoga wa kijivu. Katikati sasa kuna shimo la kufika kiunoni. Mawe yaliyotolewa shimoni unayatambua bila kuuliza: yamepakaa udongo mwekundu na hayana ukoga hata doa. Kando yake kuna vigae vya chungu vilivyokatwa na sururu, mkato bado mpya, mweusi kwa ndani. Na chupa tupu ya pombe kali.

Hawakupata kitu. Nasema kwa uhakika kwa sababu mtu akiokota rupia Sikonge leo, kesho asubuhi Nzega wanajua.

Mtaniuliza, je, lile lilikuwa kaburi la kale? Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kabla ya usiku ule rundo lingeweza kujibu. Sasa hata aje bingwa wa namna gani, ataokoteza tu.

Kabla hamjanirukia: najua hadithi za Mjerumani hazikuanzia hewani. Mwaka 1916, vita ikiwa imembana, Mjerumani alifua sarafu za dhahabu hapa hapa Tabora kwenye karakana ya reli, dhahabu yenyewe ikitoka mgodi wa Sekenke. Rupia 15, upande mmoja tai, upande wa pili tembo na mlima nyuma yake. Zilitoka kama elfu 16 hivi. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini. Kwa hiyo dhahabu ilikuwepo, sibishi. Ila askari anayekimbia huku Mbelgiji yuko nyuma yake hawezi kuwa na nafasi ya kukaa porini anapanga tani za mawe kwa duara safi. Anayetaka kuficha kitu hajengi mnara juu yake.

Sasa tuje kwenye mawe. Kurundika mawe au udongo juu ya maiti ni kazi ya kale mno, na imefanywa na watu ambao hawakuwahi kusikiana. Hapa nchini, chini kabisa ndani ya kreta ya Ngorongoro kuna marundo ya namna hiyo. Watafiti wa mambo ya kale, Louis na Mary Leakey, walichimba baadhi yake mwaka 1941, wakakuta makaburi ya wafugaji wa kale waliotumia mabakuli ya kuchongwa kwa jiwe. Kenya, magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna mahali panaitwa Lothagam Kaskazini: jukwaa la mawe la upana wa mita 30 hivi, na ndani yake inakadiriwa wamezikwa watu wasiopungua 580, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Wazee kwa watoto, wake kwa waume, na karibu kila mmoja amevalishwa pambo lake. Shanga za mawe ya rangi, magamba ya mayai ya mbuni, meno ya kiboko. Mmoja wao alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wa jangwani. Fikiria aliyeyakusanya. Dhahabu, hakuna.

Mfano ninaoutaka kwa hoja ya leo uko mbali zaidi, Ufini. Karibu na mji wa Rauma kuna mgongo wa mwamba unaitwa Sammallahdenmäki, umefunikwa na msitu wa misonobari, na juu yake kuna marundo zaidi ya 30 ya mawe ya graniti. Ni makaburi ya zama za shaba, kati ya mwaka 1500 na 500 kabla ya Kristo. UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1999. Yapo wazi, hayajafukiwa, kila mtu wa eneo lile ameyajua miaka yote, na bado yapo.

Kwa nini yapo? Kwa sababu jembe halikuweza kupanda mwamba. Hilo ndilo nataka tulielewe. Makaburi ya namna hii hayamalizwi na wezi peke yao, yanamalizwa na kilimo. Denmark wameorodhesha zaidi ya vilima 80,000 vya makaburi, lakini vinavyoonekana kwa macho leo ni kama robo tu. Vingine vilisawazishwa na plau, msimu baada ya msimu, mpaka vikawa shamba tambarare. Vilivyopona vingi viko misituni, ambako hakuna aliyelima.

Na si kwamba watu wa kale walipenda kuzika gizani. Uholanzi wamechunguza chavua, ule unga wa maua, iliyobanwa chini ya vilima, kwenye ile ardhi iliyokuwa juu siku kilima kinajengwa, wakakuta ni ya nyasi na vichaka vya malisho. Palikuwa peupe, mifugo inachungwa, kaburi linaonekana toka mbali. Msitu ulikuja baadaye ukafunika. Kwa hiyo ukikuta mawe yamepangwa katikati ya pori nene usiseme "nani angezika huku". Huku palikuwa kwingine.

Nimemaliza kwa sasa. Karibuni.

---

Kapuku_wa_Reli

Siti ya mbele nimekaa. Ngoja waje wenye fani yao.

---

Chifu_Mtarimbo (Kaliua)

Mwalimu nakuheshimu ila hii ni chai. Babu yangu alikuwa kibarua wa Mjerumani, aliyaona masanduku kwa macho yake. Halafu nijibu moja: kama kwenye marundo hamna kitu, mbona Wazungu wanachimba ya kwao mpaka leo? Wanatafuta udongo?

---

Mwalimu_wa_Nyuki

Chifu, swali lako la pili ni zuri kuliko unavyodhani. Ndiyo, kwa kiasi kikubwa wanatafuta udongo.

Mwaka 1921, kijiji cha Egtved huko Denmark, mkulima alikuwa anasawazisha mabaki ya kilima shambani kwake, akagonga jeneza la mti wa mwaloni. Akaacha kazi, akatoa taarifa makumbusho ya taifa. Jeneza likapelekwa likiwa limefungwa, likafunguliwa kule makumbusho. Ndani kulikuwa na msichana wa miaka 16 hadi 18. Mifupa imeyeyuka yote, ila nywele zipo, meno yapo, kucha zipo, na nguo zake za sufu zipo: blauzi fupi na sketi ya nyuzi. Tumboni bamba la shaba la duara. Miguuni kindoo kilichoshonwa kwa gome la mti, kama mizinga yetu ya magome, kikiwa na masalia ya pombe. Kifurushi cha mifupa iliyochomwa ya mtoto mdogo. Na ua moja dogo, ambalo ndilo lililowaambia kwamba alizikwa majira ya joto. Wakahesabu pete za ukuaji za mwaloni wa jeneza, wakapata mwaka: 1370 kabla ya Kristo.

Piga hesabu ya sokoni. Bamba moja la shaba na vipambo vichache vidogo. Mchimba mali angevitia mfukoni na kulitupa ua bila hata kuliona.

Nguo hazikuoza kwa sababu ya kilima chenyewe. Kiini chake kilikuwa kimelowa maji, kukajijenga tabaka gumu lenye chuma kuzunguka jeneza, hewa ikakosa njia. Sururu moja ikitoboa tabaka lile, mchezo umekwisha.

Na namna ya kuchimba ndiyo tofauti yenu na wao. Mtaalamu hachimbi katikati. Anagawa rundo robo nne, anachimba kwa robo, anaacha kuta za udongo katikati ili asome matabaka: hili lilimwagwa kwanza, hili likafuata, hapa waliwasha moto. Udongo unachekechwa. Kila kigae kinachorwa pale pale kilipo kabla hakijaguswa. Mkaa unapelekwa maabara, kwa sababu kaboni yake ya mionzi hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 na hapo umri unapatikana. Ukiniletea mkaa kutoka kwenye shimo lenu nitajuaje kama ni wa mazishi au ni wa mrina asali aliyeota moto pale mwaka 1970? Umeshachanganya.

Kuhusu babu, masanduku yanaweza kuwa yalikuwepo. Mawe haya hayahusiki nayo.

---

BintiUvinza (Kigoma)

Nakazia hapo kwenye vigae, maana watu wengi wanaviona takataka.

Kwetu Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi pembeni ya Malagarasi, wazee walichemsha chumvi kwenye vyungu tangu enzi. Watu walikuja toka mbali kuifuata. Mwaka 1967 wanahistoria wawili, Sutton na Roberts, walichimba pale. Walichokikuta kwa wingi ni vigae na majivu tu, lakini vilikaa tabaka juu ya tabaka. Kwa kufuata matabaka na kupima mkaa ikajulikana kazi ya chumvi pale ilianza kama karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Miaka 1,500! Kabla ya hapo ungeweza kusema Uvinza ilianza na misafara ya Waarabu.

Vigae vile vile, wangekuja kwanza hawa wa mtarimbo wakavipindua, tungebaki na gunia la vipande vya vyungu na hadithi.

Mwalimu, vile vya rundo lako vina nakshi?

---

Mwalimu_wa_Nyuki

Kimoja kina mistari iliyokwaruzwa shingoni mwa chungu. Nimepiga picha, sikuviokota. Vikihama vinakuwa yatima.

---

Mzee_wa_Kwihara

Wanangu, mwangaluka.

Nimesoma hayo ya Ulaya, ni mazuri. Lakini mbona mnazungumza kama vile huku kwetu watu hawakuwa na utaratibu? Kulikuwa na misitu ambayo hukati hata ufito. Mwingine amelala mtemi, mwingine wa matambiko. Kuni huokoti. Ukipita unavua kofia, na mifugo haiingii. Aliyekata mti alitozwa mbuzi na aibu juu yake, na aibu ndiyo ilikuwa nzito. Hakukuwa na uzio wala askari wa misitu.

Mwalimu anasema kule msitu umelitunza kaburi. Kwetu huku ilikuwa kaburi ndilo linautunza msitu. Watu walimwogopa aliyelala, mti ukapona.

Sasa vijana wamesoma, wanaona ile heshima ni ushirikina. Sawa. Ila wanaamini mganga akiwaambia chini ya jiwe kuna zebaki. Hapo ndipo mimi wananichanganya.

---

Kapuku_wa_Reli

Shikamoo mzee. Hiyo ya mwisho imenimaliza 😂

---

Bwana_Miti (Tabora mjini)

Marahaba kwa niaba ya mzee, na shikamoo kwake.

Alichosema kina ushahidi. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2003 kuhusu misitu mitakatifu ya Wanyamwezi kwenye hifadhi ya Urumwa, hapa kusini mwa mji. Walilinganisha misitu ile ya mizimu na miombo ya kawaida ya hifadhi, wakakuta misitu ya mizimu ina aina nyingi zaidi za miti. Yaani mila ililinda kuliko bango letu la serikali, na mimi bango hilo nimelisimamisha kwa mikono yangu kwa hiyo nasema kwa uchungu kidogo.

Nije kwenye kazi. Wengi mtaanza sasa kuona makaburi kila mahali, naomba niwapunguzie.

Kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa hupoteza ncha, hubaki mviringo, na miti inaota juu yake minene kuliko ya jirani. Ukikiona kwa mbali utaapa ni kilima cha mtu. Usichimbe. Tafuta shimo la muhanga, hakosi kuchokonoa vichuguu. Udongo aliotoa ukiwa laini mtupu bila mawe, ni mchwa hao. Tanuru la zamani la mkaa huacha duara la udongo mweusi lenye kitaro pembeni, likipata miaka thelathini na majani juu linadanganya hata mwenye uzoefu. Mawe ya mkulima ni madogo, ya kubebeka mkono mmoja, yametupwa ovyo ukingoni mwa lililokuwa shamba. Pori hili mnaloliona bikira mengi yake yalishalimwa. Tembe lililoanguka linaacha tuta lenye pembe nne. Na ukikuta mawe meusi mazito yenye mapovu, hayo ni mavi ya chuma, mahali mababu walipoyeyushia. Nako usiguse, nayo ni historia kubwa, Mnyamwezi alifanya biashara ya majembe kabla reli haijaota.

Kinachonifanya nisimame ni mawe makubwa kuliko ya kutupwa, yamebebwa toka mahali pengine, yamepangwa duara au ukingo, yamekaa mwinuko wenye kuonekana, na yamezama. Jiwe lililozama limekaa muda mrefu.

Wenzetu siku hizi hawatembei kwanza. Ndege inapita juu inarusha miale ya leza mamilioni kwa mamilioni. Mingi inagonga majani, michache inapenya mpaka chini. Kompyuta inafuta miti, inabaki sura ya ardhi tupu, na hata kilima cha nusu mita kinajitokeza. Misitu ya Ulaya imetoa makaburi ambayo watu walipita juu yake wakiokota uyoga. Miombo yetu inapukutisha majani kiangazi, kwa hiyo leza ingefika chini bila taabu kubwa. Bei ndiyo taabu.

Nimpinge Mwalimu kidogo. Msitu nao si malaika. Mizizi inapenya inasogeza vitu, na mti mkubwa ukiangushwa na upepo unang'oa robo ya rundo pamoja na kisiki chake. Gari la magogo likipita juu mara moja wakati wa masika linafanya kazi ya plau ya miaka kumi. Msitu unatunza pale tu unapoachwa utulie.

---

Mha_wa_Turku

Salaam toka Ufini. Mimi ni wa Kasulu, niko huku kimasomo, na hapo Sammallahdenmäki nimefika.

Usitegemee maajabu ukifika. Hakuna geti wala mtu wa kukata tiketi. Unaacha gari, unafuata njia ya miguu kwenye misonobari, halafu unaona mawe. Mwanzoni nilidhani ni kifusi cha barabara. Ukisogea ndipo unaona ukubwa wake. Moja ni ukuta uliolala, urefu wake mita 24. Lingine ni bapa lenye pembe nne, mita 16 kwa 19, wenyeji wanaliita Sakafu ya Kanisa. Hakuna dongo hata kidogo juu yake, jiwe juu ya jiwe. Ukoga umeyavaa, mwingine mweupe kama majivu, mwingine kijani cha kufifia, na ule ukoga ndio unaokuonyesha kwamba hakuna aliyeligusa jiwe. Ukitaka kujua kama mtu kapanda juu, unamjua kwa kovu la kiatu.

Kilichonishangaza zaidi ni bahari, haipo. Yalipojengwa, maji yalikuwa chini ya mwamba pale pale, makaburi yakitazama ghuba. Ardhi ya huku ilibanwa na barafu nzito zamani, barafu ilipoyeyuka ikaanza kuinuka na inainuka mpaka leo, milimita kadhaa kila mwaka. Bahari ikarudi nyuma, sasa iko zaidi ya kilomita 10. Kwa hiyo yale ya Mwalimu kwamba "huku palikuwa kwingine" mimi nimesimama juu yake.

Walichimba manne hivi mwaka 1891, wakapata mkaa na mifupa iliyochomwa, vingine vichache sana. Na Mfini hajanung'unika kwamba hamna dhahabu.

Niseme la rohoni. Kwetu Ujiji pale kwenye miembe tumejenga ukumbusho kwa sababu Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Vizuri, wageni wanakuja. Lakini mtu aliyesalimiana na mwenzake ana mnara, na waliochemsha chumvi Uvinza miaka 1,500 wana nini?

---

BintiUvinza

Wana vumbi, kaka yangu. Tena la magari ya mizigo.

---

Ummu_Ujiji

Asalaam aleykum ndugu zangu. Nimewasoma wote kimya, nina neno.

Mnawalaumu wa mtarimbo kwa kufukua maiti, mnawasifu wenye vyeti kwa kufukua maiti. Kwa aliyelala mle tofauti iko wapi? Maiti ana hishima yake, kaburi lisikanyagwe wala lisikaliwe, seuze kufunguliwa akapigwa picha na kuwekwa kwenye kabati la kioo. Yule binti wa Egtved alivishwa na mamake akawekewa ua. Hakuambiwa atatazamwa na watalii.

---

Mwalimu_wa_Nyuki

Wa aleykum salaam, dada. Nimelikubali neno lako na sitalizunguka.

Ninachoweza kusema ni kwamba wenye fani yao wameanza kurudi upande wako. Zamani kilima kilichimbwa chote, mpaka nyasi. Leo kisipotishiwa na barabara au shamba, mara nyingi kinaachwa. Hata kule Lothagam walifungua sehemu ndogo tu, ile 580 imepatikana kwa makadirio, waliobaki hawakusumbuliwa. Sababu moja ni heshima, nyingine ni ya kiujanja: vipimo vya kesho vitakuwa bora kuliko vya leo, kwa hiyo usimalize chungu chote. Wachimbaji wa karne ya 19 walitupa mifupa na mkaa ambao leo ungejibu maswali yote. Vilima vingi vya Ulaya vina kibonde katikati, ni shimo la mtu wa zamani aliyekuwa na haraka.

Kwa hiyo mimi sitaki lile rundo lichimbwe na yeyote. Nataka liandikwe kwenye ramani ya mtu mwenye dhamana, basi.

---

Chifu_Mtarimbo

Mmeongea mengi. Mimi bado nasema babu aliyaona masanduku.

Ila nipe jina la kijiji Mwalimu, nije nilione na mimi kwa nia njema.

---

Mwalimu_wa_Nyuki

Chifu, kwa nia njema hiyo hiyo, hapana. Na wengine wote, msiweke hapa picha yenye mlima au barabara inayotambulika. Tukitaja tu, wikendi hii kutakuwa na pikipiki ishirini.

---

Mkulima_Urambo

Wakuu nimekuja nimechelewa, naomba msaada siyo historia. Mimi nalima tumbaku. Mwaka huu nimefungua pori jipya, kwenye kona moja nikakuta mawe yamepangwa mviringo, makubwa, yamezama kama alivyosema Bwana Miti. Nikiripoti nitanyang'anywa shamba? Nisiporipoti je, kuna kosa?

---

Bwana_Miti

Ndugu, Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ilifanyiwa marekebisho 1979. Vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863 yanalindwa hata kama hayajaandikwa popote. Kuchimba bila kibali ni kosa, na anayegundua anatakiwa kutoa taarifa. Anza na mtendaji wa kijiji kwa maandishi, nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri, naye aipeleke kwenye mambo ya kale. Baki na nakala yenye mhuri. Kama pori hilo ni hifadhi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) basi una kesi nyingine kabisa, hiyo tuongee pembeni.

Shamba kubwa lote kuchukuliwa kwa sababu ya duara la mawe kwenye kona, mimi sijaona. Lima kulizunguka. Denmark kaburi kama hilo likiwa shambani mkulima haruhusiwi kulima ndani ya mita 2 kutoka ukingoni mwake, na mengine yote analima. Wewe acha hata mita 5, ni matuta mangapi hayo? Usichome moto juu yake, usilundike visiki pale, na trekta lisipite.

---

Mkulima_Urambo

Asante sana mkuu. Tatizo moja: vijana wangu walishachukua mawe ya upande mmoja wakajengea msingi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Niyarudishe?

---

Bwana_Miti

Usiyarudishe. Ukiyarudisha utayapanga unavyojua wewe, na mtaalamu akija atasoma kazi yako akidhani ni ya wazee. Piga picha msingi wa bani, piga picha upande ule yalipotolewa wakati mashimo yake bado yanaonekana, weka na mti wa kupimia kwenye picha. Fanya kabla mvua hazijaanza. Na huo upande uliobaki waambie vijana bani limeshatosha.

---

Mkulima_Urambo

Kesho asubuhi naenda na simu ya mke wangu, ya kwangu kamera imekufa.